Ijumaa Shem Alipomwachia Mwenzake Kadi

Mama mwenye kijana mlinzi hapa Dubai, soma hii hata kama una nguo za kupiga pasi.

Mimi nafanya kazi ya nyumba hapa Rashidiya. Mwanangu Shem alikuwa mlinzi wa ghala kule Dubai Investments Park. Hapa mlinzi halindi bila kadi ya polisi yenye picha yake. Mimi niliijua hiyo sheria, na bado nikamponza.

Ni mwaka huu huu wa 2007. Kanisa letu hukutana Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na Shem huimba besi. Lakini kampuni yake ilikuwa imempanga zamu kila Ijumaa. Nikampigia simu.

"Miezi mitatu sijakuona. Si Ronnie akushikie zamu?"

"Mum, Ronnie ni wa ghala lingine. Na kadi ni yangu."

Ronnie, kijana wa Uganda anayelala naye chumba kimoja, akaichukua simu akicheka. "Mama Shem, usihofu! Kwa supavaiza wetu sisi weusi wote tuna uso mmoja. Nitavaa shati lake na kadi yake, nisaini jina lake. Khalas!"

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Shem akaja, akaimba, tukala. Jumamosi asubuhi polisi wakamchukua. Nyaya za shaba zilikuwa zimetolewa ghalani Ijumaa mchana, na kitabu cha geti kilikuwa na jina la Shem.

Ronnie akanipigia. "Mama, nyamaza kabisa. Shem akisema alikuwa kanisani, sisi wote tunarudishwa nyumbani. Wakikosa ushahidi watamwachia."

Nikanyamaza. Siku tatu nilifua, nikapika, nikaunguza wali mara mbili. Madam akaniuliza nani amekufa. Nilipomweleza kwamba mwanangu amekamatwa, akasema, "Kwa nini uko jikoni kwangu? Yalla, nenda kituoni."

Nilidhani nitapigiwa kelele. Wakanipa kiti na maji. Wakamwita mkalimani, mzee Zahor, Mwarabu aliyekulia Unguja. Kusikia Kiswahili mle ndani, nikajua sasa sina pa kujificha.

"Bibi, mwanao siku ya tatu leo anatutazama tu," akaniambia. "Afande anasema kesho faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na lilivyo sasa, mwizi ni yeye. Una la kusema?"

Nikafikiria kazi ya Shem. Nikamfikiria Ronnie, naye ana mama. Nikafikiria jela.

"Hakuwa getini. Alikuwa kanisani na mimi. Ni mimi niliyemwambia ampe mwenzake kadi."

Zahor hakufasiri mara moja. "Nikishalisema hili kwa Kiarabu, bibi, halirudi. Kuazimana kadi nako ni kosa."

"Sema."

Afande aliandika kila kitu, akauliza jina la mchungaji na saa tuliyotoka kanisani, kisha nikasomewa yote polepole kabla ya kutia saini. Wakamleta Shem.

"Mum, umefanya nini?"

"Nimesema ukweli."

"Umetumaliza."

Walimpigia mchungaji, wakazungumza na wanakwaya. Jioni hiyo Ronnie akaletwa, naye hakubisha. Alikuwa amefungulia geti gari lenye karatasi ya mhuri ya kutolea mzigo. Walinzi wa ghala lile wanajua kwamba Ijumaa gari halitoki bila kumpigia meneja simu. Yeye hakuwa wa pale, angejuaje? Polisi walilifuatilia lile gari wakawapata wezi, na Shem na Ronnie hawakuwamo.

Shem hakuitwa mwizi. Kwa hilo naishukuru serikali ya hapa, walitafuta mpaka wakajua. Lakini kadi zote mbili zilifutwa, na wote wawili wakapewa tikiti za kurudi kwao.

Niliruhusiwa kumwona Shem kidogo kabla hajaondoka. Nilimletea sweta. Akaipokea, akasema, "Asante, mama," kama anavyomwambia mama wa mtu mwingine. Sasa ni wiki ya tano, nikipiga simu nyumbani naambiwa ametoka. Sijui ametoka kweli au amekaa hapo hapo anatikisa kichwa.

Kwa hiyo ukimkosa mwanao Ijumaa, mkose. Mpelekee chakula getini kwake. Usimwambie avue kadi.