Watani wa Bakoroni

Kwa miaka thelathini na tisa Fuseni Keita hakuwahi kumwambia Sitan Kulubali neno lolote la maana bila kumtukana kwanza, na Sitan hakuwahi kumjibu bila kumrudishia. Ndivyo walivyo akina Keita na akina Kulubali, watani tangu enzi za mababu. Keita akikutana sokoni na Kulubali asiyemjua hata kwa sura, humwita mla kunde na mtumwa wake, na Kulubali humwuliza ni nani aliyemfungua kamba leo. Wakishamaliza ndipo wanaulizana habari za watoto. Hakuna kukasirika hapo. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako.

Siku mume wa Sitan alipofariki, Fuseni aliingia uani katikati ya vilio, akajilaza chali kwenye mkeka kando ya maiti na kudai azikwe yeye, maana sanda ile ilikuwa nzuri mno kwa mwanamume aliyekubali kuoa Kulubali. Sitan alikuwa hajatia kitu tumboni kwa siku mbili. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba uji.

Wakati huo Fuseni alikuwa tayari karani wa mtaa wa Bakoroni, na Bakoroni ilikuwa imeshaanza kuchakaa. Sitan aliijua tangu ilipokuwa haina kitu. Alipoletwa pale bibi harusi, ukingo mzima wa mto Joliba ulikuwa bustani za vitunguu na saladi. Kisha mitumbwi ya mashine ikaanza kuvusha watu kwenda mjini na kurudi, na makarani, walimu na wafanyabiashara wakajenga nyumba za saruji zenye baraza zinazotazama mto. Ikaja sinema ya uwanjani. Wanawake, kwa kuwa maji yalikuwa mlangoni, wakaanza kutia rangi bazini, kile kitambaa kizito cha pamba cha sherehe, na bazini ya Bakoroni ikavaliwa sikukuu mpaka Dakar na Abidjan. Wiki ya Idi usingeweza kusikilizana na jirani kwa kelele za vijana wakipigapiga vitambaa kwa nyundo za mti ili ving'ae. Kijana akisema anatoka Bakoroni, wakwe walisogeza kiti.

Halafu daraja likajengwa, tena mbali kule juu ya mto, na nani tena apande mtumbwi? Sinema ikafungwa, ikawa ghala la saruji, kisha zizi la mbuzi. Mwaka wa mafuriko nyumba arobaini ziliondoka na maji, na wenye uwezo wakahamia mlimani wakiacha baraza zao kwa popo. Waliobaki ni wasio na pa kwenda, pamoja na watia rangi. Na watia rangi, tuseme ukweli, waliuharibu mto. Maji ya magadi na rangi yalishuka mferejini leo buluu, kesho mekundu, wavuvi wakawalaani, na wenye bustani wakasema saladi yao inanuka dawa. Teksi zilikuwa zinaishia kwenye kona ya shule, ukimbembeleza dereva anakwambia ushuke utembee.

"Mama, hama," mwanawe alimwambia Sitan zaidi ya mara moja.

"Nihame niende wapi na mabeseni yangu? Mlimani kuna mto?"

Akabaki kwenye sehemu yake, mwisho kabisa wa ukingo, palipokuwa gati la mitumbwi. Mwanawe akaenda Gabon, akamwachia mkewe Jeneba na watoto wanne. Sehemu ile ndiyo iliyowalisha wote, pamoja na wasichana sita waliokuwa wakifundishwa kazi.

Basi mwaka juzi ndipo ilipokuja Kamati ya Ukingo na michoro yake. Ukuta wa mawe dhidi ya mafuriko, barabara, taa, miti. Na kwa watia rangi, uwanja mmoja wenye matangi ya kuchujia maji kabla hayajarudi mtoni, sehemu ishirini na nne. Anayetaka sehemu aje mwenyewe ofisini na kitambulisho kabla ya mwezi kwisha. Mwezi ukiisha, hakuna atakayetia rangi nje ya uwanja huo. Kazi ya kumpitia kila mtia rangi na kumwarifu akapewa karani, na karani ni Fuseni.

Alifika kwa Sitan asubuhi, makaratasi kwapani.

"Mla kunde!" alipiga kelele tangu njiani. "Bado unauchafua mto wa baba yangu?"

"Karibu, mtumwa wangu. Leo umetoroka au umetumwa?"

"Serikali imechoka na mashuzi yenu. Lete kitambulisho ofisini kabla ya mwezi kwisha uandikwe. Usipokuja nakufukuza hapa, na sehemu yako nampa mbuzi wangu."

"Mpe. Mbuzi wako ana akili kukushinda, hataiuza."

Wasichana wakacheka, Fuseni akacheka, akanywa chai raundi zote tatu za desturi, akaenda zake.

Sasa mtu atauliza, huyu mama hakuwa na masikio? Alikuwa nayo. Lakini Fuseni alikuwa akimfukuza pale ukingoni kila mwaka. Mara amemuuza kwa Mmoritania, mara sehemu imechukuliwa na rais ajenge choo. Mwaka mmoja Sitan aliingiwa na wasiwasi kweli, akaenda ofisini na hati zake zote kwenye mfuko, akakuta ofisi nzima inamngoja kwa vicheko, Fuseni amepanda juu ya kiti anatangaza, "Si niliwaambia atakuja?" Aliapa hatarudia. Hilo la kuandikishwa alisikia wenzake wakilizungumza kisimani, na alilichukua kwa wepesi. Mwenye kalamu si Fuseni? Basi jina lake litakuwa la kwanza. Na wenzake nao walidhani hivyo hivyo.

Fuseni akaja mara ya pili, akamtukana, akamwambia. Mara ya tatu alisimama muda mrefu kidogo karibu na mabeseni.

"Kulubali, zimebaki siku nne."

"Za kufa wewe? Nitapika kunde, tutakula matanga vizuri."

Fuseni alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akacheka, akaondoka bila kunywa chai.

"Mama," Jeneba alisema, "si twende tukaulize?"

"Kwa Keita? Anicheke tena mpaka msikitini? Koroga rangi, binti yangu."

Wiki iliyofuata vijana walipita na kopo la rangi nyeupe wakiandika namba kwenye mageti ya walioandikishwa. Moja, mbili, tatu. Walipomaliza ishirini na nne kwa Korotumu, jirani yake, walifunga kopo.

"Na hapa?" Sitan aliuliza.

Kijana alitazama karatasi. "Jina lako halimo, mama. Hapa patapita ukuta."

Sitan alikwenda ofisini vile vile alivyo, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Fuseni alimwona, akasimama.

"Shikamoo, Bwana Keita," alisema Sitan.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia kwa heshima. Fuseni alipauka uso.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Umeniua, Bwana Keita. Mimi, Jeneba na watoto. Ulishindwa kuniambia?"

"Nilikuambia! Mara tatu nilikuambia!"

"Uliniambia kwa kicheko!"

"Na ningekuambia kwa namna gani?" Fuseni alishika meza. "Lini nimewahi kukuambia jambo kwa njia nyingine? Ile siku ya mwisho nilikuja nimekusudia kusema kama watu wanavyosema. Wallahi nilikusudia. Neno likanikwama hapa. Nikasema, nikimwambia bila tusi atadhani nimemletea habari ya mwanawe kufa."

Sitan akaketi kwenye benchi. Hasira ilikuwa inamtoka na hakutaka itoke, maana chini yake hapakuwa na kitu ila hofu.

"Niandike sasa."

"Orodha imeshapanda juu. Nilikwenda kuomba jana, na juzi. Wamenifukuza." Alishusha sauti. "Alhamisi wanasikiliza malalamiko. Wanakubali sababu moja tu, ya mtu ambaye hakuarifiwa. Huyo sheria inambeba."

"Mimi niliarifiwa."

Fuseni alivuta kalamu, akaliandika jina lake kati ya walalamikaji wa Alhamisi.

Malalamiko yalisikilizwa ndani ya ile sinema ya zamani, iliyokuwa imepakwa chokaa na kuwekewa paa jipya. Watu wa Bakoroni wakajaa, maana hakuna kitu wanachokipenda kama kesi ya mwingine. Mezani aliketi mhandisi wa Kamati, Asetu Dembele, mwanamke mwenye miwani na subira, na wazee wawili pembeni. Sitan alipoitwa, mhandisi alimgeukia karani.

"Bwana Keita, huyu mama ulimwarifu?"

"Sikumwarifu," alisema Fuseni.

Sitan aligeuka kumtazama. Fuseni alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Ilikuwa kazi yako kumwarifu."

"Ndiyo. Sikumwarifu. Nilizembea."

"Unajua unachokisema? Hili litaandikwa. Wewe umebakiza muda mfupi ustaafu."

"Najua, Bi Dembele. Andika."

Kilichotakiwa kwa Sitan ni kukaa kimya. Basi! Afunge mdomo wake kwa dakika moja, sehemu imerudi, Jeneba anakula, wasichana wanakula. Alijua hivyo. Alimwona Jeneba safu ya tatu, mtoto mapajani, akimwomba kwa macho. Akamtazama tena Fuseni na kola yake iliyochakaa, mtu aliyekaa kwenye meza ile miaka ishirini na miwili na hajawahi kuomba hata kuku kwa cheti cha kuzaliwa. Akasimama.

"Anasema uongo," alisema. "Aliniambia. Alikuja kwangu mara tatu akaniambia."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Kulubali huyo!" mtu alipiga kelele nyuma. "Hata akitetewa na Keita lazima ambishie!"

"Sitanii!" Sitan alisema. "Nisikilizeni. Keita huyu ni mwongo, leo ni mwongo kweli, kosa ni langu!"

Wakazidi. Mzee mmoja pale mezani alivua kofia akajifuta machozi, akisema hawa wawili hawaachi hata mbele ya serikali. Korotumu alikuwa anapiga makofi. Kadiri Sitan alivyopandisha sauti ndivyo walivyoinama kwa kucheka, na Fuseni, mwanaharamu yule, akaongezea kuni: "Mnamwona? Kunde zimempanda kichwani!"

"Muulizeni mkwe wangu! Muulizeni Jeneba!"

Jeneba aliinamisha kichwa juu ya mtoto. Sitan hakuja kumlaumu kwa hilo, hata siku moja.

Mhandisi Dembele mwenyewe alikuwa akiuma mdomo asicheke. Naye kwao kuna watani. "Keti, mama," alisema. "Tumeelewa." Akaandika.

Sehemu ya ishirini na tano iliongezwa mwisho wa uwanja, na ukuta ukapindishwa kidogo kuipisha. Fuseni aliachishwa kazi kabla ya mvua za kwanza, na mezani kwake akakaa kijana mwenye kompyuta ambaye hamjui mtu.

Uwanja ulifunguliwa baada ya mvua. Maji yanaingia kwenye tangi la kwanza meusi tii na kutoka kwenye la mwisho yakiwa karibu kama ya mvua, na wavuvi wameanza tena kuwasalimia watia rangi kwa majina. Jioni watu wa mlimani wanashuka kutembea chini ya miti na kula sangara wa kuchoma. Wale wale waliotuachia popo sasa wanauliza bei ya kurudi. Teksi zinafika mpaka gatini. Ni jambo jema, na Sitan anasema hivyo kwa kila anayemuuliza.

Kitambaa cha kwanza alichokitia rangi kwenye namba ishirini na tano hakukiuza. Kilikuwa cha buluu ya usiku, kimepigwa nyundo mpaka unajiona. Alikikunja, akaoga, akavaa vizuri, akaenda nacho nyumbani kwa Fuseni saa nne za asubuhi, saa ambayo kwa miaka ishirini na miwili Fuseni hakuwa nyumbani. Alimkuta uani kwenye kigoda, akichambua mchele pamoja na mkewe. Mke alimwona Sitan, akachukua ungo, akaingia ndani.

"Fuseni," alisema Sitan. "Nimekuja kukuomba..."

"Nyamaza."

"Niache niseme. Mara moja tu, kama watu."

"Nyamaza, nimesema." Fuseni hakunyanyua macho. "Meza imekwenda, kiti kimekwenda. Ukiniomba radhi na mtani wangu atakuwa amekwenda. Nitabaki na nini? Nitukane, Kulubali."

Sitan alisimama na kitambaa mikononi. Matusi yaliyokuwa yakimjia yenyewe tangu ujana, leo hakuliona hata moja. Akatafuta. Machozi yalianza kumtoka, akayaacha.

"Mtumwa we," alisema mwishowe. "Mtu mzima hovyo. Hata kazi ya kukaa kwenye kiti imekushinda."

"Enhe," alisema Fuseni, akajifuta macho kwa kiganja chenye pumba za mchele. "Endelea."