Feni ni Feni

Swichi kuu ya mtandao wa hospitali ilikuwa inalia tangu juzi, na kila aliyepita mlangoni mwa chumba cha mitambo alikuwa na ushauri wake. Mfagizi alisema izimwe halafu iwashwe. Mhasibu alisema ipigwe kofi ubavuni, maana redio yake ya zamani ilikuwa haielewi lugha nyingine. Fundi wa mtandao, ambaye hospitali nzima ilimwita Mpole, aliwashukuru wote, akafunga mlango, akasaga meno.

Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Wasichokijua ni kwamba ndani yake alikaa mtu mwingine kabisa, mgomvi, mwenye majibu ya kuchoma, ambaye hajawahi kuruhusiwa kutoka nje. Asubuhi hiyo mgomvi alikuwa anabamiza milango.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Simu zote, kompyuta zote na picha zote za eksirei zilipitia kwenye swichi ile, na zilizoipoza ni feni tatu, kila moja ndani ya moduli yake, kijisanduku kidogo kwa nyuma chenye kishikio cha kuchomolea. Moja ilikuwa imekufa. Mbili zilizobaki zilikuwa zinahema, na joto la mchana lingezimaliza. Moduli za namna hii hubadilishwa mashine ikiwa inafanya kazi: unabana kishikio, unachomoa mbovu, unachomeka nzima, unakwenda kunywa chai.

Lakini Mkurugenzi, mama mwenye miwani ya kamba na maneno ya kuhesabika, alikuwa amemwita ofisini mtandao ulipokatika katikati ya kliniki.

"Ikizima tena, kazi hii nawapa watu wa nje," alimwambia. "Sina ugomvi na wewe. Ila wagonjwa hawatibiwi kwa upole."

Kwa hiyo Mpole alifungua boksi la moduli mpya akijua kwamba unga wake uko mle ndani, tayari kumwagika. Alibana, akachomoa, akachomeka. Feni mpya ikazunguka vizuri, akatabasamu. Hapo hapo taa za nyuma zote zikawaka nyekundu, swichi ikapiga yowe ambalo hajawahi kulisikia, na kwenye kompyuta yake yakatokea maneno kwamba mwelekeo wa hewa haulingani na mashine inajiandaa kujizima.

Alichomoa ile mpya haraka, akairudisha maiti ya zamani ili tundu lisibaki wazi. Yowe likapungua, likawa kile kilio cha kunung'unika cha siku zote. Hakuna kilichozima. Alikaa sakafuni jasho likimtiririka mgongoni, akaigeuza moduli mpya mkononi. Kishikio chake kilikuwa cha bluu. Vya zile za zamani vilikuwa vyekundu.

Rangi hizo si urembo. Feni ya kishikio chekundu huvuta hewa baridi mbele na kuitoa nyuma, ya bluu hufanya kinyume chake. Ukizichanganya zinarushiana joto lile lile, na swichi haina ujinga huo. Naye Mpole aliomba nyekundu kutoka stoo! Aliomba kwa mdomo wake, akarudia, nyekundu!

Angekuwa mtunza stoo mwingine yeyote, Mpole angeshuka zile ngazi mbili mbili, na pengine siku hiyo yule mgomvi angeliona jua. Lakini mtunza stoo alikuwa baba wa mkewe.

Alishuka ngazi moja moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Imekubali?"

"Nilikuwa naomba kuuliza, Baba. Hizi feni... za rangi hii..."

"Nzuri, eeh?" Mzee alivua kofia kwa furaha. "Nyekundu zilikuwa zimewaishia kule dukani. Hizi nimezipakata mwenyewe garini mpaka hapa, zisije zikagongwa."

Hapo ndipo Mpole alipoishiwa nguvu. Mzee angekuwa mzembe, kazi ingekuwa rahisi. Lakini huyu ni mtu aliyefuta vumbi kwenye balbu kabla ya kumkabidhi mtu. Utamgombezaje mtu aliyezipakata feni?

"Ni nzuri, Baba. Ila zimekataa kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Mkurugenzi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, miwani ikining'inia kifuani. "Nimesikia yowe mpaka ofisini kwangu. Nani aliyenunua vitu visivyofaa?"

Mpole alifungua mdomo kulibeba lile zigo, lakini mzee alimtangulia.

"Nimenunua mimi, mama. Nilipokosa nyekundu nilimpigia huyu simu palepale dukani. Nikamwambia ziko za bluu, feni ni feni, nichukue? Akaniambia, ndiyo, Baba."

Na ni kweli. Mpole alitamani iwe uongo, akaitafuta nafasi ya kuifanya uongo, hakuipata. Alikuwa amesimama kwa kinyozi siku ile, simu sikioni. Alisikia "bluu" na akajua kabisa kwamba haifai. Ulimi wake ukachagua wenyewe. Tangu siku za uchumba ulimi huo haukuwa na neno lingine kwa mzee huyu. Ndiyo Baba, kiti hiki kinatosha. Ndiyo Baba, tutakuja Jumapili. Ndiyo Baba, niongezee maini, ilhali maini yalimtia kichefuchefu tangu utotoni. Alijiambia kwamba angepiga simu dukani baadaye arekebishe kimyakimya, halafu siku ikamezwa na kazi, akasahau kabisa. Hasira yote aliyoipandisha asubuhi ilikosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe, na kurudiwa na hasira yako mwenyewe ni adhabu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Mkurugenzi.

"Nilijua."

"Na ukasema ndiyo."

"Ni baba mkwe wangu, mama."

Mkurugenzi alivaa miwani. "Swichi haina mkwe," alisema. "Kliniki za mchana zikianza nataka iwe imenyamaza. Na isizime."

Duka la vifaa lilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya kituo cha mafuta. Walikwenda kwa miguu, mzee mbele na boksi lake kwapani, Mpole nyuma akiyapanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua.

Muuzaji alilitazama boksi, akatazama dari. "Nyekundu hakuna. Ila ninazo hizi." Akaweka mezani moduli yenye kishikio cheusi. "Hizi hazichagui. Zinaingia mashine yoyote."

Mzee aliigeuza, akaipuliza vumbi, akaipenda. Akamgeukia mkwewe.

"Unasemaje, mwanangu? Feni ni feni. Tuchukue?"

"Ndi..." ulimi ulianza. Mpole aliuma meno juu yake. Aliiona swichi ikizima, watu wa nje wakipanda ngazi na mabegi yao, mkewe akiuliza imekuwaje.

"Hapana, Baba."

Muuzaji aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza.

"Rudia," alisema mzee.

"Hapana. Hii haifai, hakuna anayejua inapuliza upande gani. Na zile za bluu nilijua hazifai, Baba, nikaogopa kukukatalia. Nisamehe."

Mzee aliiweka moduli chini taratibu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa na hasira, na Mpole hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Unadhani huwa nakutega? Mimi nikikuuliza, nakuuliza kwa sababu sijui. Sina mtoto mwingine anayevijua vitu hivi. Ukinijibu ndiyo, wewe unabaki na adabu zako, na mimi nabaki na ujinga wangu mbele ya watu."

Mpole aliyaelekeza macho kwenye rafu. Mzee naye alikwishachukua boksi lake, anaelekea mlangoni.

"Ngojeni niangalie nyuma," alisema muuzaji, na kama ilivyo kawaida ya wauzaji mteja akigeuza mgongo, huko nyuma nyekundu ikapatikana.

Walirudi kabla ya kliniki. Mpole alibana, akachomoa, akachomeka. Taa ikapepesa nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani. Kilio kikakatika katikati. Mkurugenzi alipita, akasimama mlangoni, akasikiliza kile kimya mpaka akaridhika.

"Ibaki hivyo," alisema. "Na wewe ubaki." Akaenda zake.

Mzee aliweka kiganja nyuma ya swichi, akaisikia hewa ya moto ikitoka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichonyimwa siku nyingi.

"Haya. Jumapili mje," alisema akivaa kofia. "Mama yako atapika maini."

Neno la zamani lilikuja mpaka kwenye meno. Mpole alilirudisha.

"Hapana, Baba. Tutakuja, lakini maini siyawezi. Sijawahi kuyaweza."

Mzee alisimama na kofia yake nusu kichwani.

"Maini?" aliuliza. "Nyumba nzima hakuna anayeyala maini. Tunayapika kwa ajili yako."