Nanga Alipokwenda Kuniposea Katamarani

Usiku wa jana niliota nimekwenda kuposa katamarani. Kwa asiyeijua, ni mashua ya tanga yenye matumbo mawili. Mimi na mke wangu Mwanasiti, mama wa binti yetu Shamsa, tumekubaliana tununue moja, tuhamie humo, tuzeekee humo. Muuzaji alikuwa na mbili, na leo asubuhi nilitakiwa kumjibu tunachukua ipi.

Posa ilikuwa sebuleni kwa mama mkwe, Mtwapa. Mshenga wangu alikuwa nanga. Alivaa koti juu ya kanzu, akaketi kwenye kochi, kochi likazama mpaka sakafuni, na hakuna aliyeshangaa.

"Tumekuja kutafuta uzuri wa kudumu," Nanga anasema.

Pazia linafunguliwa. Katamarani mbili zimekaa mkekani, zimepakwa hina matumbo yote manne. Ya kwanza ndiyo iliyoniteka roho tangu nilipoiona kwa muuzaji: vioo vyeusi, taa za buluu ngazini, pua imechongoka. Ya pili ni nyeupe tu, haina makeke. Naigusa ya kwanza kwa kidole gumba. Hina bado mbichi.

"Hii hapa," nasema.

"Ngoja idumu kwanza," Nanga anajibu.

Basi tukangoja idumu. Tukaletewa chai na kaimati, na nilipomaliza kikombe ilikuwa imepita miaka ishirini na sebule iko katikati ya bahari. Vile vioo vyeusi vilikuwa vimepitwa na wakati kama suti yangu kwenye picha za harusi. Nikaona haya. Ile nyeupe ilikuwa vilevile, inakunywa chai yake.

"Mwanasiti yuko wapi?" nauliza.

Tumbo la kushoto la mashua yangu linakohoa. "Alishuka zamani. Alisema jiko halina dirisha."

"Mbona hakuniambia?"

"Mimi aliniambia. Tulikuwa tukikaa naye sana huko jikoni."

Iliniuma, nisiseme uongo. Nikamsihi Nanga aturudishe kwenye posa, akaulize ridhaa ya Mwanasiti kabla mambo hayajafungwa. Akainuka, akaingia chumba cha ndani kama shehe anavyokwenda kumuuliza bibi harusi. Akarudi amelowa chapachapa.

"Nimemuuliza mkeo mara tatu. Amenyamaza."

Nikashusha pumzi. "Basi ameridhia. Bibi harusi akinyamaza ndiyo amekubali, nani asiyejua?"

"Bibi harusi, ndiyo," Nanga anasema, huku akikamua koti. "Mama Shamsa ulimuoa lini?"

Mashua zote mbili zinanitazama.

"Yule hanyamazi kwa haya," Nanga anasema. "Amechoka kuulizwa mambo ambayo umekwisha kuyaamua."

Nikaamka. Mwanasiti alikuwa jikoni anakaanga mandazi, amesimama upande wa dirisha kama siku zote. Nikamsogelea.

"Mama Shamsa, ile mashua ya vioo vyeusi, wewe umeipenda?"

Akanyamaza. Akageuza mandazi, akapunguza moto. Nilitamani kusema "basi tumeelewana" nikaoge, lakini safari hii nikangoja.

"Jiko lake halina dirisha," akasema mwishowe. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga. "Na hina hii ya kidole gumba, baba Shamsa, umeitoa wapi?"