Mambo Saba ya Kufanya Trieste

Mzee Bruno alinipa orodha ya mambo saba, akaniambia nisiruke hata moja wala nisibadilishe mpangilio. Nilikuwa nimesimama na beseni la maji mkononi, zamu yangu ikibakiza dakika kumi, na yeye alikuwa bado hajaoga. Lakini kosa lilikuwa langu. Nilimwambia kwamba likizo yangu naenda Trieste, na tangu asubuhi ile hakuna aliyepata amani katika nyumba yetu ya wazee hapa Lidcombe, Australia.

Mimi naitwa Kendi, Mmeru, na kazi yangu ni kutunza wazee. Mdogo wangu Makena anasoma fizikia Trieste, mji wa pwani ya Mediterania, pale juu kabisa ambapo Italia inakaribia kwisha. Mzee Bruno alizaliwa hukohuko. Ana miaka themanini na saba, mguu mmoja mbovu na mdomo mzima. Mimi nilikuwa naenda kumwona mdogo wangu na kulala mpaka saa nne asubuhi. Yeye aliona Mungu amemletea mjumbe.

Mambo sita alinisomea, nikayaandika nyuma ya fomu ya chakula. Nitembee gati lote la mawe mpaka mwisho, nikae kwenye jiwe la mwisho, nisipige picha kabla ya kukaa. Ninywe kahawa nikiwa nimesimama. Nioge baharini pale penye ukuta unaotenga wanawake na wanaume. Nipande tramu mpaka kilimani niitazame bahari kutoka juu. Niitazame ile ngome nyeupe ya Miramare kwa mbali, nisilale humo, maana wahenga wa kwao walisema anayelala humo hufia ugenini.

"Wewe ulilala humo?" nilimuuliza.

"Sikulala hata usiku mmoja," akasema. "Na bado niko Lidcombe."

La sita lilikuwa upepo. Wana upepo wao unaoitwa bora, unaoshuka mlimani na kuangusha watu wazima barabarani. Nihakikishe umenisukuma, alisema, la sivyo sijafika Trieste.

La saba aliliandika mwenyewe, na alichukua muda mrefu hata nikaliweka beseni chini. *Piga kengele kwa Nives. Sema Bruno amekutuma. Uone kama atafunga mlango.*

Nives ni dada yake wa pekee. Mwaka 1955 Bruno alikuwa na miaka kumi na saba, akapata nafasi kwenye meli ya kuja Australia. Nives alikuwa na kumi na miwili. Alimwahidi kwamba atamwamsha alfajiri waende wote gatini, ampungie mkono. Alfajiri ilipofika, Bruno alisimama mlangoni akamwangalia amelala, akaona hataweza kuyavumilia yale machozi, akabeba viatu mkononi na kutoka. Nives aliamka mwenyewe. Alikimbia mpaka gatini na nguo ya kulalia, akaikuta meli imeshageuka. Hayo Bruno aliyajua kwa barua ya mama yake. Kwa Nives mwenyewe hakupata hata mstari mmoja, miaka sabini. Aliandika na kuandika, mwishowe akaona aibu, akaacha.

"Usinipigie simu ukiwa kule," aliniambia. "Habari ya namna hiyo niletee kwa miguu yako. Nataka kujua tu kama atafunga mlango."

Nilimwahidi. Kisha nikamwogesha, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakunitukana.

Nilirudi Jumatano, Alhamisi nikaingia kazini. Ilikuwa Julai, jua la baridi, lile linalong'aa bila kufanya kazi. Saa tisa alasiri nilimkuta Mzee Bruno bustanini, amevaa koti zuri na tai. Amevaa tai, mtu wa watu! Moyo uliniuma na kicheko kikanishika kwa wakati mmoja.

Aline, rafiki yangu wa kutoka Bukavu ninayefanya naye kazi, alinivuta kando karibu na mlango wa jikoni.

"Umeisha kumwambia?"

"Bado. Hajakunywa chai."

"Weye Kendi! Papa iko anangoja tangu saa sita, biskuti alikatala. Ataanguka hapa, na ni mimi nitaandika rapport."

"Ndiyo maana nataka anywe chai kwanza. Leta na zile biskuti za mlozi. Na uangalie saa. Ikifika saa kumi kamili, usiende mbali."

Aline alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi juu ya paa, lakini alienda. Kwetu habari nzito haipewi mtu mwenye njaa, na mgeni hasemi kilichomleta kabla ya kikombe cha kwanza kwisha. Mama yangu alinilea hivyo, na hata ukinipeleka mwezini nitaulizia chai kwanza.

"Basi," Mzee Bruno akasema nilipokaa. "Moja."

Nilidhani atarukia la saba. Hakurukia. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa nanunua muda, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Nilimwambia nilitembea gati mpaka mwisho, mita mia mbili na zaidi, bila kizuizi chochote cha kukuzuia usitumbukie. Watu wamekaa ukingoni miguu ikining'inia, wazee kwa vijana, hawafanyi chochote, wanatazama maji. Nilikaa kwenye jiwe la mwisho. Jiwe lilikuwa na joto mpaka kwenye mifupa.

"Upande gani ulikaa?"

"Kushoto."

"Ningekaa kulia. Lakini sawa. Mbili."

Kahawa niliinywa nimesimama, katikati ya wazee wanaosoma magazeti, kikombe chenyewe kidogo kama cha kuchezea watoto. Niliiomba kwa jina alilonifundisha, *nero*, na yule mwuzaji hakushangaa hata kidogo. Mzee Bruno alifumba macho, akaomba nirudie hapo pa mwuzaji kutoshangaa. Nilirudia. Aline alileta chai, nikamsukumia kikombe. Akanywa nusu.

Pale penye ukuta nilikaa siku nzima, na nilimwambia kwamba nikistaafu nitahamia pale. Ukuta mrefu mweupe unaingia mpaka majini, wanaume huku, wanawake kule. Upande wetu nyanya wa miaka tisini wamejianika kifua wazi, wanakula parachichi na kuwasema wanaume walio upande wa pili. Makena alikuwa ameniambia nitaona aibu. Aibu gani? Niliona ni kama jikoni kwa shangazi zangu siku ya harusi, ila kuna bahari.

"Mama yangu alikuwa anatupa mikate juu ya ukuta," Mzee Bruno akasema. "Baba anaidaka upande wa pili. Nne."

Tramu nilipanda. Ngome niliiona kwa mbali, nyeupe, imekaa juu ya mwamba. Lakini upepo haukuwepo. Siku kumi nzima, hata jani halikutikisika.

"Julai!" akapiga paja lake. "Nani anakwenda Julai? Basi hukufika Trieste."

"Likizo ninapewa, sichagui."

"Hukufika," akasema, lakini kwa sauti ndogo, maana la sita lilikuwa limekwisha na sote wawili tulilijua lililobaki. Alikunja leso yake mara nne. Nilitazama saa. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Treni ilipita kwenda Auburn, ikamaliza kupita.

"Maliza chai," nikamwambia.

Aliimaliza kwa pumzi moja kama dawa.

"Alifungua mlango," nikasema.

Basi nikamweleza, na hapa sina budi kusema ukweli, niliharibu. Makena alinifikisha mlangoni, nyumba ile ile ya wazazi wao, akakimbilia darasani. Nikapiga kengele. Akafungua mama mmoja mfupi, mweupe kichwani, na macho ni haya haya yanayonitukana kila asubuhi bafuni. Nilimpa paketi ya majani ya chai ya Kenya, maana mkono mtupu haulambwi, nikamsalimu kwa adabu zote. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni, akanionyesha saa ya ukutani kwamba nimechelewa, akanitilia kahawa. Nikajiambia vizuri, kikombe kikiisha nitasema. Kabla hakijaisha akanipa aproni.

"Aproni?" Mzee Bruno akauliza.

"Aproni. Alikuwa anamngoja msaidizi mpya wa kutumwa na ofisi ya kutunza wazee, na mimi, Mwafrika mwenye uso wa kazi, nimesimama mlangoni sisemi nimetumwa na nani."

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa kahawa ikiwa bado moto. Na ningefanyaje? Mkono wangu umezoea. Niliosha vyombo, nikabadilisha mashuka, nikapanga dawa zake nikakuta mbili zimekwisha muda, nikamkata kucha za mikono. Kila nilipotaka kusema jina lile alikuwa ameshanionyesha kazi nyingine. Nilipoleta maji ya kumwosha miguu alikataa, akaificha chini ya kiti kama mtoto. Nikamjibu kwa maneno anayonijibu Mzee Bruno kila siku nikimletea beseni: *No se pol*. Haiwezekani. Nikaivuta miguu yake, nikaiweka majini.

Mzee Bruno alikuwa ameacha kukunja leso.

"Aliacha kubisha," nikasema. "Akanishika kidevu akaniinua uso. Akaniuliza kitu, sikukielewa, lakini nilijua anauliza nini. Nani kakufundisha kusema hivyo. Nikasema jina lako. Ndivyo jina lako lilivyoingia nyumbani kwenu, Bruno, mimi nimepiga magoti na miguu ya dada yako iko mikononi mwangu."

"Na akakufukuza."

"Angenifukuzaje? Ana sabuni mpaka magotini."

Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akaziba uso kwa leso. Sikumgusa. Nilingoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Makena aliporudi kutoka darasani alitukuta tumekaa mezani, Nives na mimi, hatuzungumzi, tunakula mkate. Ndiye aliyetutafsiria. Nives alisema neno moja ambalo nililibeba kutoka Trieste mpaka Lidcombe bila kulimwaga. Alisema: angelitaja jina hilo mlangoni, ningeufunga.

Nilimwambia Mzee Bruno hivyo hivyo, bila kupunguza. Aliitikia kwa kichwa polepole. Ndilo alilokuwa ametaka kujua, na alikuwa amelijua.

"Hakukasirika kwamba uliondoka," nikaendelea. "Anasema kila mtu aliondoka mwaka ule. Amekasirika kwamba hukumuaga. Anasema hana la kuzungumza na mtu ambaye bado hajamuaga."

"Sasa nitamuaga vipi? Miaka sabini!"

"Saa ngapi, Aline?" niliita kwa Kiswahili.

"Saa kumi iko imefika," akajibu kutoka mlangoni, na nikaona amesimama pale muda wote, trei mkononi, macho mekundu, yeye aliyesema ana kazi nyingi.

Simu yangu ikalia. Trieste ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimepanga hivyo na Makena, kwamba amnyweshe Nives kahawa kwanza, na mimi huku nimnyweshe Mzee Bruno chai. Niliiegemeza simu kwenye birika. Akatokea Nives na blauzi yenye kola, nywele zimechanwa, midomo imebanwa. Bega la Makena lilionekana kando.

Walitazamana. Aline alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani.

Mwishowe Mzee Bruno akavuta kiti mbele, akanyoosha mgongo, akasema kwa lugha yao, na Makena akanitafsiria kwa sauti ya chini kutoka ule upande wa pili wa dunia:

"Nives. Amka. Naondoka sasa. Nimekuja kukuaga."

Nives akainua mkono, ule niliokuwa nimeukata kucha wiki iliyopita, akaupunga, taratibu, kulia na kushoto, kama mtu aliyesimama gatini meli ikienda. Mzee Bruno naye akapunga. Walipunga hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani ndiyo mwisho, kwamba Nives ameagwa na yamekwisha, na atakata simu.

Nives akashusha mkono. Akajifuta macho kwa kiganja, akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Haya," akasema. "Umefika salama?"

Mzee Bruno aliitazama bustani, chai, reli, mimi na Aline.

"Nimefika," akasema.