Vidaka Viwili vya Mlimani

Marehemu Bakhit alikuwa na duka la vitambaa Matrah, na kila mwaka joto la Maskati likichacha alikwenda India kununua mzigo. Akishamaliza shughuli zake Bombay, alipanda treni mpaka Rajasthani, akapanda na mlima, akakaa siku chache kwenye ubaridi wa mji wa Abu. Akirudi nyumbani Wattaya, alirudi na hadithi.

Huko, alisema, watu husukumwa kwa vigari vya mkono kama masanduku. Kuna jiwe kubwa limekaa juu ya ziwa kama chura anayetaka kuruka. Na kuna mahekalu ya kale ya marumaru, jiwe limechongwa jembamba hata mwanga unapenya. Lakini aliyoipenda kuliko zote ni hadithi ya vidaka viwili, vishubaka vya ukutani.

"Wake wa ndugu wawili," alikuwa akisema, "kila mmoja alitaka kidaka chake kizidi cha mwenzake. Mafundi wakachonga, wakachonga, mwisho vikatoka sawasawa. Vipo mpaka leo, huku kimoja na huku kimoja."

Hapo humtazama mkewe, Mahfoudha, kisha mke wa kaka yake, Bi Shaikha, na watu wote huangua kicheko. Maana hao wawili walishindana tangu walipoolewa Unguja. Mahfoudha akitundika pazia jipya, juma la pili Bi Shaikha naye anatundika, la kwake lina na pindo.

Bi Shaikha ndiye aliyempachika shemeji yake jina la Bwana Chumvi. Na mwaka 2003, siku ya khitma ya kutimiza mwaka tangu Bakhit afariki, kahawa ikipita baada ya dua, alilirudia.

"Mungu amrehemu Bwana Chumvi. Alikuwa na kila kitu, ukweli tu ndio aliusahau Unguja."

Watu walicheka kwa mapenzi. Mahfoudha hakucheka. Mjukuu wake, Fajr, alikuwa amemlalia mapajani, naye alicheka na wakubwa bila kujua anachekea nini. Mahfoudha akaona mtoto huyu atakua akijua jambo moja tu kuhusu babu yake, kwamba alikuwa mwongo wa kuchekesha.

"Basi twende tukaone," alisema. "Vidaka vikiwapo, utasema hapa hapa, mbele ya hawa hawa."

"Na visipokuwapo?"

"Nitasema mie."

"Mahfoudha, mjane mzima unakwenda kwenye mahekalu ya watu?"

"Nnakwenda kutazama jiwe. Kusali nnasali kwangu."

Thani, mumewe Bi Shaikha, alisema kwamba waende upesi, naye apate kupumzika masikio. Bi Shaikha akakubali. Hakuweza kumwachia Mahfoudha safari nzima peke yake.

Walikwenda na Azzam, mtoto wa Mahfoudha, aliyejua Kihindi cha madukani Ruwi. Gari la jeep liliwapandisha mlima kona baada ya kona, Bi Shaikha akisoma kila sura aliyoihifadhi. Asubuhi ya pili wakafika hekaluni wakaambiwa asubuhi ni ya wenye dini yao. Wageni waje baada ya adhuhuri. Wakarudi mjini kuzunguka.

Mji ule ni mlima juu ya mlima, na goti la Bi Shaikha halikuwa na subira. Kwenye mpando mmoja alisimama. Mzee mmoja alikuwa kando na kigari cha mbao chenye magurudumu manne.

"Mie sipandi gari la mizigo," alisema Bi Shaikha.

Akautazama mpando. Akalitazama gari, Mahfoudha ameshakaa ndani.

"Mahfoudha, sogea huko, nikae."

Wakakaa wawili, mabaibui yakining'inia pande zote, Azzam akasaidia kusukuma. Mzee akasema neno kwa Kihindi, Azzam akacheka.

"Anasemaje?" akauliza Bi Shaikha.

"Anasema jana alipeleka friji, mama mkubwa. Lakini friji lilikuwa halilalamiki."

Mbele ya ziwa Mahfoudha alinyoosha kidole juu. Chura alikuwapo, mdomo wazi, amejikunja kuruka.

"Jiwe tu lile," alisema Bi Shaikha. Baada ya kitambo akaongeza, "Lakini lina mdomo."

Mchana walirudi hekaluni, Mahfoudha ameishika kamera. Hiyo ndiyo itakayomsemea Maskati. Mlinzi mlangoni akaitikisia kichwa: picha haziruhusiwi. Wala ngozi haiingii, kwa heshima ya wanyama. Mkoba wa Bi Shaikha ulikuwa wa ngozi, na ndani yake zimo pasipoti zote na bangili zake. Azzam akabaki nje kulinda.

Bi Shaikha akatabasamu. "Sasa shahidi wako ni mie tu."

Ndani waliinua macho. Kutoka darini lilining'inia ua la marumaru, petali zake nyembamba kama kitambaa cha leso, mwanga umetulia ndani yake. Wakapita nguzo baada ya nguzo, na pale ndani vikawakabili vidaka viwili.

Bi Shaikha alikiendea cha kushoto, akakipima hewani kwa shibiri bila kukigusa. Akakiendea cha kulia. Akarudi cha kushoto. Mlinzi alikohoa.

"Hiki kimezidi," alinong'ona.

"Pima tena."

Akapima tena, kisha akashusha mkono.

"Alikuwa akija hapa peke yake," alisema taratibu, "mbali kote huku, akatukumbuka sisi."



Ijumaa waliporudi, watu walijaa Wattaya kama siku ya khitma. Thani hakungoja halua ipite.

"Haya, mama Azzam. Picha ziko wapi?"

"Sina," alisema Mahfoudha.

Watu wakageuka kumtazama Bi Shaikha. Yeye alimaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba imemtosha, akakirudisha.

"Vipo," alisema. "Nimevipima kwa mkono wangu. Bakhit hakusema uongo."

Mahfoudha akamsogezea sahani ya halua.

"Ila alipunguza," akaendelea Bi Shaikha. "Vidaka virefu kama minara. Gari letu lilisukumwa na wanaume wanane, na njiani tulilipita basi. Yule chura, wallahi sikutegemea, alinipepesea jicho."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Thani alijifuta machozi. "Bwana Chumvi amerithiwa," alisema.

Fajr peke yake hakucheka. Alimvuta bibi yake mkono.

"Bibi, kweli chura alipepesa?"

Mahfoudha alimtazama Bi Shaikha, naye Bi Shaikha akajitia kutafuta kipande cha halua.

"Alipepesa," alisema Mahfoudha. "Jicho la kushoto. Babu yako alitwambia zamani."