Tuliomba Daraja

Barua kwa mbunge niliiandika mimi, Hezekiah, mwalimu mstaafu, na kosa ni langu. Wanakamati walitaka tuseme "bridge" kama watu wengine. Nikawakemea kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Mheshimiwa, zahanati yetu ya ng'ambo ya mto inahitaji daraja kabla ya mvua." Binti yangu Fancy alikuwa mja mzito wa miezi saba, na huku kwetu chini ya Olenguruone mvua ikianza tu, mawe ya kuvukia huzama.

Miezi miwili baadaye simu zikalia kwa ujumbe: daraja limepatikana, njooni uzinduzi. Miaka minne mbunge hatujamwona, ila uchaguzi ukikaribia hata viziwi husikia.

Siku hiyo mto ulikuwa umejaa. Sisi wa upande huu tulisimama matopeni tukitafuta daraja, tusione hata msumari. Ng'ambo, Mheshimiwa alivuta kitambaa kwenye ukuta wa zahanati. Kibao kilikuwa kipya: KITUO CHA AFYA, DARAJA LA TATU.

"Mliitisha daraja, si ndio?" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Leo nimewapandisha, from two mpaka three!"

Ng'ambo wakashangilia. Upande wetu tukatazamana.

Hapo Fancy akanishika mkono. "Baba, imeanza."

Nilipiga mayowe mpaka koo likakauka. Nesi Nangila wa zahanati, kule ng'ambo, alipoelewa, alimpokonya Mheshimiwa kipaza sauti katikati ya sentensi.

"Wamama, mzungukeni na leso! Fancy, usisukume saa hii, pumua tu!"

Eneo bunge zima lilikuwa likisikiliza. Wanaume tuligeuka tukatazama mahindi. Nililia bila aibu, nikiilaani barua yangu na mwandiko wake.

"Haya, sasa sukuma! Sukuma, mama!"

Tukangoja. Kisha mtoto akalia kwa nguvu.

"Ni nini?" Nangila akauliza.

"Msichana!" wanawake wakajibu.

Mheshimiwa akarudishiwa kipaza sauti chake, akakifuta kwa leso ya mfukoni.

"Mmeona faida ya kupandishwa daraja?" akasema. "Sasa huduma inavuka mto!"

Makofi yakalipuka pande zote mbili.

"Baba," Fancy akaniita kwa sauti ndogo kutoka nyuma ya zile leso, "wanampigia nani makofi?"

Mikono yangu pia ilikuwa inapiga.