Mzaliwa wa Seres

Nilifika Volos, Ugiriki, nikiwa na miaka ishirini na tisa, natokea Plovdiv, Bulgaria, bila hata neno moja la Kigiriki. Miaka kumi na tisa baadaye nilikuwa nauza vitambaa katika duka la Bwana Stamatis, na kila mteja aliyeniuliza nilimwambia nimezaliwa Seres, mji wa Ugiriki ulio karibu na mpaka wa Bulgaria. Jina langu, Rositsa, nilikuwa nimelikata likawa Roza. Sauti iliyonitesa zaidi ni dh, maana Kibulgaria hakina. Niliifanyia mazoezi jikoni, ulimi katikati ya meno, mpaka ikakaa.

Asubuhi moja, nikimkatia Bibi Evanthia kitambaa cha mapazia, aliingia Lamara, mama wa Kijojia anayemtunza mzee mmoja mtaa wa nyuma. Alitaka bitana, kitambaa cha ndani ya koti. Wagiriki huiita fodhra. Yeye akasema fodra. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini dukani walikuwamo wanawake wanne, nami nikajifanya sikusikia. Akarudia. Nikamwiga, nikiikokota ile d, kisha nikamwambia, "Dada, miaka yote hii na bado ulimi mzito? Mtu akitaka, hujifunza."

Hakuna aliyecheka. Lamara akakirudisha mkobani kipande cha koti alichokuja nacho, akatoka.

Bibi Evanthia aliendelea kupapasa kitambaa chake. "Ungemhurumia, mwanangu," akasema. "Kwani huko kwenu Bulgaria hamkosei?"

Nilimwambia mimi ni wa Seres.

"Haya, Seres," akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. "Ila hiyo dh yako ni safi mno. Sisi hatujisumbui hivyo."

Nilimtazama Bwana Stamatis. Alikuwa amejiinamia, anapanga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Basi walijua, wote, tangu mwanzo, na miaka yote hiyo walikuwa wakinisitiri. Uso uliniwaka. Nilikata kitambaa upogo, ikabidi nianze upya.

Mchana nilifunga mita mbili za bitana, nikaenda hadi nyumba anayofanyia kazi Lamara, ghorofa ya tatu. Alifungua mlango akiwa na bakuli la supu mkononi. Nilimwambia nimemkosea, na kwamba hata mimi ni mgeni, Mbulgaria. Nilitarajia atashangaa.

"Nilijua," akasema. "Wagiriki wenyewe hawajawahi kunisahihisha. Huniambia tu nazungumza vizuri."

Maneno hayo nami niliambiwa karibu kila wiki, na kila mara nilikuwa narudi nyumbani nimefurahi.

Aliipokea bitana, akashukuru, hakunikaribisha ndani. Mzee akaita kutoka chumbani. Lamara akamjibu kwa Kigiriki chake kilichovunjika kila mahali, mzee akacheka, naye akacheka, mlango ukafungwa. Nilibaki hapo nikiwasikiliza wakizungumza, mpaka taa ya ngazi zile zisizo na dirisha ikajizima baada ya dakika zake, nikashuka nikipapasa ukuta.